Mwongozo wa Kuomba Fedha za Serikali kwa Ajili ya Barabara na Daraja la Kijiji

Kijiji kinachohitaji daraja kinashindana na vijiji vingi vyenye hitaji lilelile, na fedha zilizopo hazitoshi kuwaridhisha wote. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, unahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 Tanzania Bara, na sehemu kubwa ya mtandao huo bado ni barabara za udongo ambazo mvua moja kubwa huziharibu. Katika ushindani wa namna hiyo, ombi linalofika mbali ni lile ambalo mhandisi wa wilaya akilisoma anajua mara moja ni mahali gani, ni kazi gani na ni watu wangapi watakaonufaika, kisha akaweza kuliingiza katika bajeti bila kuanza upya kutafuta taarifa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji, wajumbe wa halmashauri za vijiji na maofisa watendaji, hasa wale walioingia madarakani katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 na ambao hawajapitia mzunguko mwingi wa bajeti. Zanzibar ina utaratibu wake, nao haumo humu.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinautegemea: ombeni sehemu korofi itengenezwe, msiombe barabara nzima. Barabara ya kilomita 18 inayofungwa kila masika kwa kawaida inafungwa na mahali pawili au patatu tu, pengine mkondo usio na kalavati, mlima wenye utelezi na bonde linalotuama maji. Mkiomba kilomita zote 18 ziwekwe changarawe, mmeomba fedha ambazo wilaya nzima inaweza kukosa. Mkiomba kalavati moja na mita 300 za changarawe mlimani, mmeomba kitu ambacho kinaweza kuingia katika mpango wa mwaka ujao.

Fedha zinatoka wapi

Chanzo kikuu ni Mfuko wa Barabara, ambao hupata fedha zake kutokana na tozo ya mafuta, tozo ambayo hata mwendesha bodaboda huilipa kila anapojaza tangi. Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta, Sura ya 220, inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko itumike kwa matengenezo na kazi za dharura katika barabara zilizoainishwa kisheria, na kiasi kisichozidi asilimia 10 kiende kwenye maendeleo ya barabara. Kwa muda mrefu mgawo wa msingi umekuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Katika mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kuzipa nguvu barabara za vijijini na mijini, na katika kipindi hichohicho Serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo kwa ajili ya barabara hizo.

Kanuni hiyo ya asilimia 90 ina maana kubwa kwa kijiji. Ombi la kutengeneza barabara iliyokwisha kuainishwa linaelekea kwenye fungu kubwa, wakati ombi la kufungua barabara mpya linaelekea kwenye fungu dogo ambalo pia lina miradi mingi inayolisubiri. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, jiulizeni kama mahitaji yenu yanaweza kuelezwa kwa ukweli kuwa ni matengenezo ya sehemu korofi. Mara nyingi yanaweza.

Zipo pia fedha za mfuko mkuu wa Serikali na za miradi ya wahisani na mikopo, kama vile mradi wa RISE unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na, katika miaka ya karibuni, Agri-Connect wa Umoja wa Ulaya. Miradi ya aina hii huwa na wilaya zake na vigezo vyake vilivyopangwa tangu mkataba, na kijiji hakiwezi kujiingiza humo kwa barua. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba taarifa za barabara yenu ziko kamili katika ofisi ya wilaya, ili mradi wa namna hiyo ukifika muwe tayari.

Jueni kwanza barabara ni ya nani

Barua iliyopelekwa katika ofisi isiyohusika inaweza kupoteza mwaka mzima. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara katika makundi mawili makubwa. Barabara za kitaifa, ambazo ni barabara kuu na barabara za mikoa, zinasimamiwa na TANROADS chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi. Barabara za wilaya, ambazo ni za mkusanyo, za mlisho na za jamii, zinasimamiwa na TARURA chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kabla ya TARURA kuanzishwa mwezi Mei 2017, barabara hizi za wilaya zilikuwa mikononi mwa wahandisi wa halmashauri, na ndiyo maana wananchi wengi hadi leo hupeleka malalamiko ya barabara kwa mkurugenzi wa halmashauri peke yake na kushangaa yanapokwama.

Nendeni kwenye ofisi ya Meneja wa TARURA wa wilaya mkaulize maswali matatu: je, barabara yetu imo katika orodha ya barabara zilizoainishwa, inaitwa jina gani humo, na inaanzia na kuishia wapi? Ofisi hizo hutunza taarifa za mtandao wa wilaya katika mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS, na jina lililomo katika mfumo linaweza kuwa tofauti kabisa na jina ambalo wanakijiji wamelizoea. Nakilini jina hilo kama lilivyo, kwa sababu ndilo mtakalolitumia katika kila barua.

Ikiwa barabara haimo katika orodha, kazi yenu ya kwanza ni kuomba iingizwe. Ombi hilo lipitie vikao vilevile vitakavyoelezwa hapa chini, na liambatane na mchoro wa njia, urefu wake, na uthibitisho kwamba wenye mashamba pembeni wameridhia barabara kupata upana unaotakiwa. Kupandisha hadhi barabara ya wilaya ili iwe ya mkoa ni jambo jingine. Hilo huanzia wilayani, hujadiliwa katika Bodi ya Barabara ya Mkoa ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na uamuzi wa mwisho hutoka kwa Waziri. Ni safari ndefu, na sishauri kijiji kusubiri kupandishwa hadhi huku wagonjwa wanavushwa mtoni kwa kubebwa mgongoni.

Pimeni tatizo lenu

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika, na hapa ndipo kijiji kisicho na fedha wala mhandisi kinaweza kujisaidia zaidi kuliko mahali pengine popote. Sentensi kama “barabara yetu ni mbovu sana na wananchi wanateseka” ni ya kweli, lakini iko katika kila barua iliyopo juu ya meza ya Meneja. Anachohitaji ni mahali, vipimo, muda na watu.

Anzeni na mahali. Teueni watu wanne au watano, miongoni mwao mwendesha pikipiki anayeipita njia hiyo kila siku na mzee anayekumbuka mafuriko ya zamani, muipitie barabara yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kila sehemu korofi andikeni umbali wake kutoka mwanzo wa barabara, mkitumia mita ya pikipiki, na chukueni majira ya nukta (namba za GPS za mahali hapo) kwa simu yenye ramani. Pigeni picha kutoka pande zote mbili, na hakikisheni kwamba mtu au pikipiki inaonekana ndani ya picha ili ukubwa wa korongo ueleweke. Picha za kiangazi pekee hazitoshi. Zile zilizopigwa maji yakiwa yamejaa ndizo zenye nguvu, kwa hiyo mtendaji azitunze kila mvua zinaponyesha, hata kama mwaka huo hakuna ombi linaloandaliwa.

Kisha vipimo. Katika mkondo au mto, pimeni upana kutoka ukingo hadi ukingo, kina kutoka usawa wa barabara hadi kitandani mwa mto, na kimo ambacho maji hufika wakati wa mafuriko. Kimo hicho huacha alama zake: matope kwenye magome ya miti, na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi. Mwulizeni mzee yule maji yalifika wapi katika mvua kubwa anazozikumbuka, kwa mfano zile za El Niño za 1997 na 1998 au za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, na mweke kigingi mahali anapoonyesha. Mhandisi atakuja kupima kwa vyombo vyake, lakini kigingi hicho kitamsaidia asijenge daraja fupi kuliko mafuriko. Andikeni pia kama kitandani mwa mto kuna mwamba, mawe, mchanga au udongo, kwa kuwa jambo hilo ndilo linaloamua aina ya msingi, na msingi ndio unaoweza kupandisha gharama ghafla.

Kuhusu muda, mtendaji wa kijiji afungue daftari moja la barabara na aandike kila siku ambayo gari lilishindwa kupita, sababu yake, na njia ilifunguka lini. Daftari la msimu mmoja tu lina uzito kuliko maneno ya miaka kumi. Humo ziandikwe pia ajali, mama wajawazito waliocheleweshwa kufikishwa kituo cha afya, na siku ambazo walimu au wanafunzi walishindwa kuvuka. Kwa habari za wagonjwa ombeni idadi tu kutoka zahanati. Majina yao yasiandikwe.

Mwisho ni watu na mali. Hesabuni kaya zilizo ng’ambo ya sehemu korofi, shule, zahanati, visima, mnada na maghala. Kaeni kando ya barabara siku mbili, moja ya soko au gulio na moja ya kawaida, tangu alfajiri hadi jioni, mkihesabu malori, magari madogo, bodaboda, baiskeli, mikokoteni na waenda kwa miguu, kila kundi kwa mstari wake. Kwa mazao msikisie. Chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, kina kumbukumbu za kilo zilizopokelewa ghalani, na halmashauri ina kumbukumbu za ushuru wa mazao uliokusanywa kwenye kizuizi au kwa mnunuzi. Barua inayoonyesha kwamba korosho, ufuta, kahawa au mahindi ya kiasi kadhaa yalipita njia hiyo, na kwamba halmashauri ilipata ushuru kwayo, inawakumbusha madiwani kwamba barabara hiyo inawaletea mapato wanayoyapangia matumizi.

Chagueni kazi inayolingana na tatizo

Si kila mto unahitaji daraja, na kijiji kinachojua tofauti hii huheshimiwa ofisini. Pale ambapo maji hupita kwa nguvu saa chache tu baada ya mvua kisha yakakauka, drifti ya zege au ya mawe inaweza kutosha: maji hupita juu yake, magari husubiri, kisha safari huendelea. Kwenye mikondo midogo ya kudumu kalavati la mabomba hutosha, ingawa bomba jembamba huziba upesi kwa matawi na mchanga, na kwa maoni yangu mabomba ya milimita 600 hayafai kabisa kwenye mikondo inayotoka milimani. Mkondo mpana zaidi huhitaji kalavati la boksi, na mto mkubwa ndio unaohitaji daraja.

Kuna aina moja ya daraja ambayo kila kijiji chenye mawe kinapaswa kuiulizia, nayo ni daraja la mawe la upinde. Teknolojia hii ilianza kutumika kwa wingi mkoani Kigoma kwa ushirikiano na Ubelgiji, na TARURA imeisambaza katika mikoa mingine. Upinde hubeba uzito kwa kusukuma mawe yabanane, kwa hiyo hauhitaji nondo nyingi kama daraja la zege. Mawe yanachimbwa jirani, mafundi na vibarua wanatoka vijijini, na gharama inashuka kwa kiasi kikubwa ikilinganishwa na zege. Masharti yake yapo wazi: yawepo mawe magumu karibu, kingo za mto ziwe imara kuhimili msukumo wa upinde, na kuwe na kimo cha kutosha kati ya maji ya mafuriko na barabara. Mahali penye mchanga mwingi na kingo tambarare halifai. Mkiwa na masharti hayo matatu, yaandikeni kwenye ombi, kwa kuwa meneja mwenye bajeti finyu anaweza kupata madaraja mawili mahali ambapo alitarajia moja.

Ombi la barabara yenyewe lizungumzie maji kabla ya changarawe. Barabara isiyo na mgongo wa kumwaga maji pembeni, wala mitaro na michepuko ya kuyatoa barabarani, itaupoteza moramu wake, yaani kifusi cha changarawe, katika masika mawili. Ikiwa fedha ni kidogo, afadhali mitaro na makalavati yajengwe mwaka huu, na changarawe isubiri mwaka ujao.

Mkutano wa kijiji na muhtasari wake

Mamlaka ya kijiji kuomba yanatokana na vikao halali. Halmashauri ya Kijiji ijadili taarifa ya wapimaji na kupendekeza vipaumbele, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio uidhinishe. Wale wanaotumia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, maarufu kama O&OD, wataona kwamba hatua hizi zinaingia humo bila shida, kwa sababu utaratibu huo ulioboreshwa unatoa uzito kwa jitihada ambazo jamii imezianza yenyewe.

Muhtasari uonyeshe tarehe, mahudhurio, hoja, uamuzi na saini, na uwe na mambo matatu ambayo mara nyingi husahauliwa. La kwanza ni mpangilio wa vipaumbele: kijiji kitaje kazi namba moja, namba mbili na namba tatu, kwa sababu asiye na mpangilio hupangiwa na wengine. La pili ni mchango wa wananchi, iwe ni mawe, mchanga, kokoto au nguvu kazi, ukiandikwa kwa kiasi na kwa thamani. Mwulizeni mhandisi kabla ya kukusanya, kwani mawe laini na mchanga wenye udongo vitakataliwa na wananchi watavunjika moyo. Na kila mchango wa fedha utolewe stakabadhi. La tatu ni ardhi. Ikiwa kazi inahitaji kupanua njia au kuchimba kifusi katika shamba la mtu, maridhiano yake yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi, na pale anapodai fidia, madai yake yatajwe wazi badala ya kufichwa. Mgogoro wa ardhi uliofichwa mwezi wa Oktoba hulipuka greda likiwa limeshafika.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili, viambatisho vikiwa kando. Aya yake ya kwanza inaweza kuwa hivi:

“Halmashauri ya Kijiji cha … inaomba kujengwa kalavati la boksi katika barabara ya … hadi …, umbali wa kilomita 4.3 kutoka makutano ya …, mahali ambapo mkondo wenye upana wa mita 5 unakatiza barabara. Katika masika yaliyopita sehemu hiyo haikupitika kwa magari kwa siku …. Ng’ambo ya mkondo kuna kaya …, shule ya msingi moja na ghala la AMCOS lililopokea kilo … za mazao katika msimu uliopita. Wananchi wamekubali kuchangia mawe tripu …, kama inavyoonekana katika muhtasari ulioambatishwa.”

Kata, halmashauri na kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bunge la bajeti huanza Aprili, na kabla ya hapo wilaya na mikoa huwa zimekwisha kukamilisha mapendekezo yao. Kwa hiyo ombi linalofika wilayani mwezi wa Machi, masika yanapoanza kuuma, limechelewa kwa bajeti inayojadiliwa, na litasubiri mzunguko mwingine. Vijiji vingi huomba wakati wa mvua kwa sababu ndipo shida inapoonekana. Fedha hupangwa wakati wa jua. Pimeni na kupiga picha wakati wa masika, fanyeni mkutano wa kijiji Agosti au Septemba, na hakikisheni barua imepokelewa wilayani kabla ya Novemba kwisha.

Kutoka kijijini ombi hupelekwa kwa Mtendaji wa Kata ili liingie katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Hapo vijiji vyote vya kata hukutana, na ni hekima kukubaliana kabla ya kikao. Ikiwa vijiji vitatu vinatumia mto uleule, ombi moja la pamoja lina nguvu zaidi ya maombi matatu yanayovutana. Kata ikishapitisha, ombi hupelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na nakala kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, diwani na mbunge. Nakala ya Meneja ipelekwe kwa mkono na mpokeaji agonge muhuri na kuandika tarehe katika nakala mnayobaki nayo. Wakati huohuo mwombeni Meneja aje kukagua eneo kabla mvua hazijaanza, na siku akija, wapimaji wote wawepo na daftari lao.

Meneja huwasilisha mpango na taarifa za utekelezaji katika Baraza la Madiwani. Diwani wenu anapaswa kwenda kwenye kikao hicho akiwa na ukurasa mmoja wenye jina la barabara kama lilivyo katika mfumo, kilomita ya sehemu korofi, na idadi ya kaya. Mbunge naye ni mjumbe wa vikao vya mkoa vinavyojadili barabara, na atalitetea vizuri zaidi ombi ambalo anaweza kulisoma kwa dakika mbili.

Bajeti ikishapitishwa, mwezi wa Julai rudini kwa Meneja mkaulize kama kazi yenu imo, imetengewa kiasi gani, na ni katika fungu lipi: matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi, au ya madaraja na makalavati. Kama haimo, ombeni sababu, na mziandike. Ombi la mwaka unaofuata lijibu sababu hizo moja kwa moja. Barua ileile iliyobadilishwa tarehe tu haistahili kupelekwa tena.

Wakati wa kusubiri

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, unaweza kutoa saruji au mabomba kwa kazi ndogo ambayo wananchi wameshaianza. Katika vijiji vyenye walengwa wa TASAF, miradi ya ajira za muda inaweza kujumuisha kuchonga mitaro na kufukia mashimo katika barabara za ndani. Hata hivyo, msijenge chochote juu ya barabara iliyoainishwa bila idhini ya Meneja, kwa kuwa kalavati lililowekwa juu mno au chini mno hugeuka bwawa na kula barabara pande zote.

Daraja likisombwa katikati ya mwaka

Dharura haingoji kalenda. Mtendaji wa kijiji atoe taarifa siku hiyohiyo kwa simu, na aifuatishe kwa maandishi kwa Mtendaji wa Kata, Meneja wa TARURA na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako kamati ya maafa hukutana. Wekeni matawi na vizuizi pande zote mbili, na mlinzi usiku, kabla hata ya kuandika barua. Pikipiki inayokuja gizani haijui kwamba daraja limeondoka. Taarifa iseme ni daraja gani, limeharibika kiasi gani, kama kuna njia ya kuzunguka na ina urefu gani.

Fedha za dharura hugombaniwa na maeneo mengi kwa wakati mmoja, na misimu kama ule wa mvua za El Niño za 2023 na 2024, uliomalizikia na Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 na kukata hata barabara kuu ya kusini mkoani Lindi, hubeba fedha nyingi kwa mkupuo. Ndiyo sababu daraja lenye ufa au kingo zinazomomonyoka liombewe matengenezo mapema, likiwa bado limesimama.

Mkandarasi akifika

Zabuni hutangazwa na kushindaniwa katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST. Sheria imetenga sehemu ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na kazi kama kufyeka kando ya barabara, kuzibua makalavati na kuchonga mitaro zinafaa sana kwa vikundi hivyo. Kikundi cha kijiji kinachotaka kazi hizo kisajiliwe kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri mapema, kwa sababu kuanza kujisajili baada ya tangazo kutoka ni kuchelewa.

Kazi inapoanza, ombeni mkutano wa kumtambulisha mkandarasi kijijini, ambapo msimamizi wa TARURA ataeleza kazi zilizomo katika mkataba, thamani yake na muda wake. Bango la mradi lisimamishwe. Kamati ndogo ya kijiji iteuliwe kufuatilia, na iwe na mipaka: haimwamuru mkandarasi wala haimwombi chochote, bali huona, huandika na kumjulisha msimamizi.

Yako mambo ambayo hata asiye fundi anaweza kuyaona. Changarawe kwa kawaida huwekwa unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, na shimo dogo lililochimbwa mbele ya msimamizi litaonyesha kama zimefika. Kifusi hushindiliwa kwa tabaka, kikiwa na unyevu; greda likisawazisha udongo mkavu na kuondoka, hapo hakuna kazi iliyofanyika. Zege jipya humwagiliwa maji na kufunikwa kwa angalau siku 7, na lori lisipite juu yake hadi msimamizi aruhusu. Mdomo wa kalavati wa upande wa kutokea maji uwe na mawe yaliyopangwa, vinginevyo maji yatachimba chini yake. Mkiona kasoro, andikeni kwa Meneja mkitaja kilomita na tarehe, na muambatishe picha. Mkiona dalili za rushwa au vifaa kuibwa, pelekeni taarifa TAKUKURU, ambayo hufuatilia pia miradi ya maendeleo.

Baada ya makabidhiano

Mkataba wa ujenzi huwa na kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake huku sehemu ya malipo yake ikiwa imezuiwa. Ulizeni siku ya makabidhiano kipindi hicho kinaisha lini, na mkague kazi yote mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, ili barua ya kasoro iwahi malipo ya mwisho.

Kijiji kitunge sheria ndogo za kulinda kilichojengwa: mchanga usichimbwe mtoni karibu na daraja, kwa sababu shimo la mchanga husogea na kufukua msingi, mifugo ivushwe mahali palipotengwa, mashamba yasiingie ndani ya mitaro. Barabara nyingi za changarawe za wilaya huwekewa ukomo wa uzito, mara nyingi tani 10, na mnunuzi wa mbao au mazao anayeleta semi-trela aelezwe ukomo huo kabla hajapakia. Kabla ya vuli na kabla ya masika, kikundi kizibue kila kalavati na kuondoa magogo yaliyonasa kwenye nguzo, kisha mtendaji aandike katika daftari la barabara tarehe, kazi iliyofanyika na hali iliyoonekana, na nakala ya ukurasa huo ipelekwe kwa Meneja pamoja na ombi la kipaumbele namba mbili.